Maji ya Kunawia Wageni

Mabomba yetu yalilala kando ya barabara ya Kitangari kwa muda mrefu mpaka mbuzi wakayazoea. Mvua ikinyesha, mbuzi wadogo walijibanza ndani yake wakachungulia upande mmoja, nasi tukipita na gari la ofisi tuliwapungia mkono kama watumishi wenzetu. Yalikuwa mabomba makubwa, meusi, yaliyoshushwa siku moja kwa ngoma na hotuba ili yapandishe maji kutoka bondeni hadi juu kwetu Umakondeni, ambako Mungu alitupa mikorosho, upepo na ming'oko ya kuchimba porini, halafu maji akayaacha huko chini.

Watu wa nje hudhani mradi hukwama kwa sababu kuna mtu anaupinga. Laiti ingekuwa hivyo! Anayepinga unaweza kumfuata nyumbani, ukanywa naye chai, ukambembeleza. Mradi wetu haukupingwa na mtu yeyote. Kila ofisi iliupenda. Watu wa barabara walisema bomba lina ruhusa ya kupita chini ya lami yao mara tu watu wa misitu watakapokubali lipite porini. Wa misitu walisema hawana neno, wanasubiri cheti cha mazingira. Wa mazingira walisema cheti kiko njiani, ila kwanza waambiwe umeme wa pampu utapita wapi. Wa umeme walisema nguzo zitasimikwa siku watu wa ardhi watakapomaliza kuthamini mikorosho itakayokatwa. Na wa ardhi walisema, kwa adabu kabisa, kwamba hawawezi kuthamini mikorosho kabla watu wa barabara hawajasema bomba linapita upande gani. Mimi nilikuwa ofisa mipango. Kazi yangu ilikuwa kulizunguka duara hilo huku natabasamu.

Ndipo tukasikia kwamba dawa imepatikana. Serikali ilikuwa inachagua miradi michache mikubwa ambayo itapewa uratibu maalumu. Mradi ukishapata heshima hiyo unapewa mratibu wake, mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuwaita watu wa barabara, wa misitu, wa umeme na wenzao wote kwenye chumba kimoja, akawafungia mlango mpaka wakubaliane. Habari ya kufunga mlango niliiongeza mimi nilipokuwa nawasimulia watu kijijini, lakini nadhani ndiyo iliyokuwa maana yake. Nilijiuliza kidogo: kama kukaa pamoja na kuzungumza ni jambo maalumu, lile la kawaida tunalolipwa mshahara ni lipi? Lakini mtumishi wa umma hajiulizi sana. Nikavaa miwani nikasoma vigezo.

Mradi uwe mkubwa. Uwe na manufaa kwa watu wengi. Uwe umekwama, lakini usiwe umekwama sana, kwa sababu uliokwama sana ni dalili ya uzembe. Uwe na vikwazo vya kuondolewa, lakini uwe tayari kutekelezwa, na alama nyingi zaidi zilikwenda kwa mradi ambao vibali vyake vyote vimekamilika. Nilirudia kusoma. Kwa hesabu hiyo mradi uliofaa zaidi kuratibiwa ni ule usiohitaji kuratibiwa. Nilimpelekea mkuu wangu wa idara, mwanamume mtaratibu ambaye alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu na hakutaka makuu. Akasoma, akavua miwani, akasema, "Ni kama hospitali inayopokea wazima tu. Usicheke. Jaza."

Nikajaza. Kilichonipa moyo ni kigezo cha mwisho kabisa: kamati itafika kwenye eneo la mradi ijionee uhitaji kwa macho. Hapo nikashusha pumzi. Vibali hatuna, lakini uhitaji tunao. Kitangari uhitaji hutembea barabarani alfajiri, umejitwika ndoo.

Na mimi nilikuwa na langu. Pale Kitangari, karibu kabisa na uwanja wa mikutano wa kijiji, anakaa mama yangu mkubwa, dada yake mama, aliyenilea baada ya mama kufariki. Nyumba ile aliijenga mwenyewe kwa fedha za korosho, bati juu, saruji chini, na nyuma yake, chini ya mikorosho, amelala mume wake. Kama kila mwenye uwezo huko juu, alichimba kisima cha saruji pembeni ya ukuta ili mvua inayoteremka kwenye bati iingie humo. Masika unavuna, kiangazi unakula ulichovuna. Maji yakiisha kabla ya mvua, unanunua kwa wenye pikipiki ukiwa nacho, na usipokuwa nacho unashuka bondeni kwa njia ya miguu na kupanda na ndoo kichwani. Magoti yake yalikuwa hayataki tena habari za bondeni.

Mimi nakaa Masasi, nina bomba uani. Kila nilipokwenda kumsalimia nilimwambia aje tukae wote, na kila mara tuligombana. "Nyumba isiyowashwa moto inakufa," alikuwa anasema. "Na baba yako mkubwa nimwachie nani pale nyuma, mchwa?" Mwishowe tukakubaliana, na tulikubaliana kwa kukunjiana sura: bomba likija, anabaki kwake, lisipokuja, kiangazi hiki kikimshinda, anafunga nyumba anakuja Masasi. Kwa hiyo wenzangu ofisini walipokuwa wanazungumzia hadhi ya mradi, mimi nilikuwa namwona bibi mmoja na mlango wake.

Sasa hapa lazima nieleze jambo ambalo sisi wenyewe hatulielezi, kwa kuwa hakuna asiyelijua. Huko juu chakula si heshima kubwa. Ugali wa muhogo na kisamvu mtu hakosi, na kuku huchinjwa. Heshima ni maji. Mgeni akifika unamnawisha mikono kwa maji yanayotiririka, si ya kuchovya. Miguu yake inaoshwa vumbi. Akilala, anawekewa ndoo iliyojaa mpaka juu, hata kama nyumba nzima itapangusana kwa kitambaa. Mtu anaweza kukulisha jogoo ukamsahau. Akikuogesha ndoo nzima mwezi wa kumi, utamsimulia mpaka kwa wajukuu. Na nyumba iliyomwacha mgeni aondoke na vumbi miguuni, nyimbo zake huimbwa unyagoni, na wanaozijua ni wengi.

Kamati ilikuja kiangazi kikiwa kikali, wakati mabibo yanaanza kuiva. Mwenyekiti wa kijiji alinipigia simu siku chache kabla, akaniambia nisiwe na wasiwasi, wananchi wamehamasika, kila nyumba inachangia. Nilidhani wanachangia maelezo, kila nyumba itoe mtu wa kueleza shida yake. Nikamsifu sana.

Tulipanda kwa magari matatu kutoka Masasi, vumbi la lile la mbele likiingia la nyuma. Kiongozi wa kamati alikuwa mtu mpole, mwenye kitambi cha kiasi na leso nyeupe, aliyekuwa akisema "ahaa" kwa kila alichoambiwa. Tukaingia uwanjani. Kulikuwa na akina mama wamevaa kanga sare, kulikuwa na vigelegele, na kando ya uwanja, chini ya turubai, kulikuwa na mapipa. Yamepangwa kwa mstari, yamejaa mpaka maji yanayumba mdomoni, na juu yake yameelea majani mabichi ili yasimwagike. Sijawahi kuona maji mengi hivyo Kitangari tangu nizaliwe.

Kiongozi alishuka mwekundu wa vumbi. Kabla hajanyoosha mgongo alikuwa ameshazungukwa na mabeseni. Akanawa mikono, akanawa uso, akanawa shingo, akashawishiwa akavua viatu akaoshwa miguu. "Ahaa," akasema, na safari hii ilitoka tumboni. "Maji ya huku ni baridi kweli." Wenzake nao wakaoshwa. Chooni kulikuwa na ndoo mbilimbili. Dereva wa gari lake aliomba maji kidogo tu ya kupangusa kioo, akaletewa ndoo, kisha nyingine, maana kwetu haiwezekani kumwosha mgeni nusu na gari lake pia ni mgeni. Mwenyekiti akasimama mbele ya kipaza sauti akaanza kusoma taarifa ya kijiji, jinsi maji yalivyo shida, jinsi akina mama wanavyoteseka, na nyuma yake, katikati kabisa ya macho ya kamati, dereva alikuwa anaosha matairi huku anapiga mluzi. Maji yalitambaa mchangani, yakanyweka. Kiongozi alitazama kipaza sauti, akatazama gari, akaandika kitu.

Nilitamani ardhi inimeze. Niliwatazama watu wangu usoni, nikitafuta hata mmoja mwenye wasiwasi. Walikuwa wanatabasamu. Walikuwa wamependeza.

Wageni walipoondoka nilibaki nyuma nikaingia kwa mama mkubwa. Alikuwa amekaa barazani amenyoosha miguu, amechoka kwa furaha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wameridhika?"

Nilikwenda nikafunua mfuniko wa kisima chake. Niliona sakafu. Niliona mpaka alama za kopo lililokwangua saruji.

"Mama! Umewapa yote?"

"Kisima changu ndicho kilicho karibu na uwanja. Ningewaambia wakachote kwa jirani?"

"Na kiangazi hiki chote kilichobaki?"

"Si bomba linakuja," akasema, kama mtu aliyekwishalipa nauli. "Umemwona yule mkubwa wao alivyofurahi? Mtu aliyeoga vizuri hakunyimi kitu."

Kesho yake kamati ilikwenda upande wa Masasi, Lisekese, ambako kulikuwa na mradi mwingine uliokuwa unaomba heshima hiyohiyo: soko jipya na barabara ya kuingilia. Nilikwenda nao pia, kwa kuwa nilitakiwa kubeba makabrasha. Lisekese wamo wafanyabiashara ambao babu zao na babu za babu zao walikuwa wakipima na kuuza, na biashara wanaijua. Hatukukuta turubai. Hatukukuta vigelegele. Tulikuta lori la mbaazi limezama kwenye mchanga katikati ya njia, na watu wanalisukuma bila kulipenda sana. Magari yetu hayakuweza kupita. Kiongozi alishuka akatembea juani, mchanga ukimwingia viatuni, mpaka kwenye vibanda, akaomba maji. Mama mmoja wa chai akamjibu kwa huruma kwamba leo, baba, maji hakuna, gari lililokuwa linaleta ndilo limekwama nyuma ya lile lori. Kiongozi akasema "ahaa" kavu sana.

Wakati tunarudi nilibaki nyuma kidogo na mzee mmoja mwenye duka la pembejeo, aliyekuwa akinifahamu. Nikamuuliza lile lori limekwama tangu lini. Akacheka bila kutoa sauti. "Dada," akasema, "ukienda kuomba nguo, usivae ya Idi."

Majibu yalikuja baada ya mwezi na kitu. Lisekese walipata uratibu maalumu, na niseme kwa haki kwamba walistahili: barabara yao ilikuwa mbovu siku zote, lori au pasipo lori. Walipewa mratibu, kibao kikasimamishwa, na kabla mvua hazijakolea wale watu wa ofisi zote walikuwa wameshakaa chumba kimoja na kumaliza. Siwaonei wivu. Nawaonea kidogo. Kuhusu sisi, waliandika kwamba mradi ni mzuri, wananchi wana mwamko wa kupigiwa mfano, na kwa yaliyoshuhudiwa na kamati hali ya maji katika eneo hilo inaridhisha kwa sasa. Mkuu wangu aliisoma sentensi hiyo kwa sauti, akaikunja karatasi, akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Halafu akaomba chai.

Nilikasirika. Nilimkasirikia kiongozi mwenye leso, ambaye alikuwa na macho mawili na hakuyatumia hata moja kuuliza maji yale yametoka wapi. Niliwakasirikia watu wangu kwa adabu yao. Zaidi nilikasirika kwa sababu sikuweza kumlaumu mtu yeyote mpaka mwisho. Serikali ilikuja kutazama, ikatazama. Kijiji kilikaribisha, kikakaribisha.

Kisima cha mama mkubwa hakikungoja mvua. Aliishi kwa ndoo za majirani, na majirani nao walikuwa wametoa zao kwa wageni haohao. Siku moja jirani yake akanipigia simu: wamemkuta katikati ya njia ya bondeni, amekaa, ndoo iko kando, imejaa, hajaimwaga hata tone. Hakuanguka. Alikaa tu kupumzika na magoti yakakataa kuamka. Walimbeba yeye kwanza, kisha wakarudi kwa ajili ya ndoo. Nilipanda siku hiyohiyo nikamchukua. Alifunga mlango kwa kufuli, akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga yake. "Naja kwa muda," akaniambia, na akalirudia neno hilo kwa dereva, kwa utingo, na kwa mwanamke aliyekaa naye kiti kimoja.

Masasi alinitawalia nyumba. Bomba langu lilikuwa na tabia ya kuvuja tone moja moja, tabia ambayo mimi nilikuwa nimeshaizoea kama kukoroma kwa mume. Yeye aliweka bakuli chini yake na kila asubuhi alipikia chai maji ya bakuli. Wanangu wakipiga mswaki bomba limefunguka aliwasimamia nyuma mpaka wafunge. Maji ya kuoshea mchele yaliosha vyombo, ya vyombo yalipiga deki, ya deki yalikwenda kwenye mpapai. Jioni alikuwa anakaa mlangoni anatazama upande wa milima. Nilijua anachotazama hakionekani kutoka pale. Alikuwa anauliza kwa lugha ya nyumbani kama huko wameshapata *medi*, yaani maji, na mimi nilimjibu kwa Kiswahili cha ofisini, kwamba mchakato unaendelea.

Mchakato, ajabu ya Mungu, uliendelea kweli. Kiangazi kilichofuata ikatangazwa awamu ya pili: miradi iliyokosa inaweza kufikiriwa upya, na kamati itapita tena, safari hii na kiongozi mwingine. Nilipanda Kitangari mwenyewe kabla yao, nikaomba mkutano. Sikuwasomea vigezo. Niliwaambia kwa lugha nyepesi: "Safari hii msichangie ndoo. Msipange mapipa. Waacheni waje wakute tunavyoishi. Wakiomba maji, waambieni hakuna, kwa sababu hakuna."

Bibi mmoja aliyekaa mbele akaniuliza, "Kwa hiyo mgeni anawe kwa mchanga?"

"Watakuja na chupa zao za maji, mama."

"Mgeni anakuja na maji yake kwangu?" Akawageukia wenzake. "Huyu mtoto wa nani huyu?"

Wakanitaja kwa jina la mama mkubwa. Bibi akatikisa kichwa kwa masikitiko, akamhurumia aliyenilea. Mjadala ulikuwa mkali kuliko wa bajeti. Wapo waliosema bora tukose bomba kuliko kusemwa. Wapo, hasa kina mama wenye watoto wadogo mgongoni, waliosema wamechoka kusifiwa. Mwisho mwenyekiti, ambaye nadhani lile gari lililooshwa nyuma ya mgongo wake lilikuwa bado linamuuma, akakata shauri: hakuna mapipa, hakuna ndoo. Kila mtu akanyoosha mkono, wengine huku wanatazama chini. Nilirudi Masasi nimeshinda, nikamsimulia mama mkubwa neno kwa neno. Alikuwa anachambua mchicha. Hakusema kitu, na mimi, kwa furaha niliyokuwa nayo, nikakichukulia kimya chake kuwa kibali.

Siku yenyewe nilitoka mapema kwenda kupokea wageni ofisini. Tukapanda. Kiongozi mpya alikuwa mwanamume mwembamba, mchangamfu, mpenda mzaha, aliyetuchekesha njia nzima. Nilikuwa naomba kimoyomoyo. Tulipoingia uwanjani nikaona uwanja mtupu, safi, mkavu. Hakuna turubai. Watu wamekaa kimya kwenye mikeka, midomo imekauka kweli, wanatuangalia kwa aibu kama walioitwa polisi. Nikashukuru Mungu. Kiongozi aliacha kutania. Alitazama madumu matupu yaliyopangwa mlango kwa mlango, akamtazama mwanamke mmoja anayempangusa mtoto kwa kitambaa, na nikaona anaanza kuona.

Ndipo mama mkubwa akatokea kwenye mlango wa nyumba yake.

Alikuwa amevaa kanga yake mpya. Mkono mmoja jagi, mkono mwingine beseni, sabuni imekaa kwenye kisahani, na nyuma yake, barazani, yalisimama madumu mawili ya njano. Niliyajua yale madumu. Yalikuwa ya jikoni kwangu, moja lina mfuniko wa buluu ulioazimwa kwenye dumu la mafuta. Alikuwa ameyajaza kwenye bomba langu alfajiri, mimi nikiwa napiga pasi gauni la kazini, akayapandisha kwenye basi la kwanza. Mwanamke asiyeweza kubeba ndoo moja kutoka bondeni alikuwa amesafirisha maji kutoka Masasi ili mtu asiyemjua anawe mikono.

"Karibuni," akasema. "Karibuni wageni wetu. Mwanangu, njoo ushike beseni."

Kwetu mkubwa humimina na mdogo hushika. Nilikwenda nikashika. Ningefanya nini? Uwanja mzima ulikuwa unashusha pumzi. Niliwaona migongo inanyooka, nyuso zinarudi. Aibu ilikuwa imeondolewa. Bibi yule wa mbele alitabasamu kwa mara ya kwanza.

Kiongozi akakunja mikono ya shati. Maji yakatiririka juu ya vidole vyake, safi, mengi. Akajipaka sabuni, akasita, akamtazama mama mkubwa, akauliza swali ambalo nililisubiri tangu mwaka uliopita, swali ambalo katika vigezo vyao vyote halikuwamo.

"Mama, maji haya mnayapata wapi?"

"Yapo, baba," mama mkubwa akasema kwa upole. "We nawa tu."

Sikuweza. Mkubwa wako hakatizwi mbele ya mgeni, hilo nililifundishwa na huyohuyo aliyekuwa amesimama na jagi, lakini sikuweza. Nikasema kwa sauti, ili wote wasikie: "Hayapo. Haya ameyaleta na basi kutoka kwangu Masasi. Huku hakuna maji."

Kiongozi alinitazama mimi, akautazama uso wa mama mkubwa, akayatazama madumu. Kisha akaanza kucheka. "Na basi!" akasema. "Kutoka Masasi! Nyinyi watu wa kusini kwa utani hamjambo!" Alicheka kwa moyo wote, mikono yake yenye povu imeinuliwa juu, na kamati yake ikacheka, na madereva wakacheka. Mwenyekiti akacheka kidogo kwa adabu. Kisha mama mkubwa naye akacheka, kwa nguvu kuliko wote, mpaka jagi likatikisika.

"Msimsikilize huyu," akasema. "Ndivyo alivyo tangu mdogo." Na akamimina tena, kwa wingi zaidi, mpaka beseni likafurika na maji yakanimwagikia miguuni.

Walinawa wote. Walipomaliza kutembelea mabomba na kupiga picha na mbuzi, walinipungia mkono wakashuka, na kiongozi akanitania kwamba mara nyingine maji yaje kwa ndege. Watu walitawanyika polepole. Hakuna aliyenilaumu, hakuna aliyenisifu.

Mama mkubwa alifagia baraza. Alizunguka nyuma ya nyumba akakaa huko kwa muda, peke yake, na sikumfuata. Aliporudi macho yalikuwa makavu. Alivuta mlango, akatia kufuli, akaujaribu kwa kuuvuta mara moja. Nilikuwa nangoja aufunge ufunguo kwenye pindo la kanga kama kawaida yake. Aliushika kidogo kiganjani, kisha akanipa mimi.